Sabuni Isiyo Sabuni

Leo nimekuja na neno moja tu mdomoni, nalo ni sabuni. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu zamani, tukalizoea hata likawa kama jina la ndugu wa tumbo moja. Mtoto akizaliwa huogeshwa kwa sabuni. Maiti huoshwa kwa sabuni. Mgeni akija na kipande cha sabuni mkononi, hupokewa kwa vigelegele. Ukishaambiwa "hii ni sabuni", mkono huingia kwenye karai wenyewe, hauombi ruhusa kwa kichwa.

Baba yangu alikuwa mkamuaji. Alikamua kwa mashine katika shamba kubwa la ng'ombe wa maziwa huko Trans Nzoia, kwa miaka 19. Sisi tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari kama meno, na saa tisa usiku tulikuwa tukisikia mlango ukilia, kisha gambuti zikiburuzwa kwenye kokoto. Baba alistaafu, akarudi nyumbani. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ikatangaza kuandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba, ile namba ya utambulisho, naye akajipanga foleni pamoja na wazee wenzake. Alipofika mbele, karani alimshika vidole akaviweka kwenye kile kimashine. Kikakataa. Akampa kitambaa afute. Baba akafuta, akaweka tena, kikakataa. Mara ya nne yule karani, kijana mwenye adabu zake, akamwuliza, "Mzee, alama za vidole vyako zimeenda wapi?"

Baba akacheka. "Ziliisha na sabuni, mjukuu wangu."

Watu kwenye foleni walicheka pia. Mimi nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani nikakaa na lile jibu kwa siku nyingi. Kwa sababu baba hakutia chumvi. Kile alichokuwa akikiita sabuni kwa miaka 19 hakikuwa sabuni, na hakuna hata siku moja mtu aliyeketi naye akamwambia ni kitu gani.

Tuingie basi kwenye chumba cha kukamulia, tuone. Maziwa ni chakula kitamu kwetu, na kwa vijidudu ni karamu. Yakipita kwenye mabomba ya mashine huacha nyuma mafuta, huacha utando wa protini, na siku zinavyosonga huacha ukoga mgumu wa madini, kama ule unaojenga kwenye meno ya mtu asiyepiga mswaki. Maji ya bomba peke yake hayauondoi. Ndiyo maana baada ya kila kukamua, mabomba husukumwa maji ya uvuguvugu kwanza, halafu maji ya moto kabisa, nyuzi 70 na zaidi, yaliyochanganywa na dawa kali ya kuyeyusha mafuta. Na mara kwa mara, kwengine kila siku, kwengine mara moja kwa wiki, hupitishwa asidi ili ing'oe ule ukoga.

Kwa hiyo katika chumba kimoja kidogo, kando ya tangi la kupozea maziwa, utakuta jerikani mbili za lita 20. Ya kwanza ina kostiki soda, mara nyingi ikiwa imechanganywa na klorini, yaani dada yake jiki ya nyumbani, ila huyu amekula akashiba. Ya pili ina asidi, ya fosforasi au ya naitriki. Sasa sikiliza wakamuaji wanavyoziita. Katika shamba alilofanyia kazi baba, ya kwanza ilikuwa "sabuni", na ya pili "sabuni ya pili". Majina ndiyo hayo. Mlei, mganga, na mtoto wa darasa la tatu, wote wangeelewa vilevile: hapa pana sabuni, na pale pana sabuni nyingine.

Nataka niikalie kidogo hii kostiki, kwa maana ina hila. Wengi wenu, hasa akina mama wa vyama, mnaijua vizuri. Mmefundishwa kutengeneza sabuni: mafuta ndani ya beseni, kostiki iliyoyeyushwa kwenye maji, unakoroga upande mmoja mpaka mchanganyiko unashikana. Na mkiifanya kazi hiyo mnavaa glavu. Mnakoroga kwa mwiko wa mti, ndani ya ndoo ya plastiki, kamwe si kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu mmeona kostiki ikiitafuna alumini huku ikifoka. Mnajua pia kwamba kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole. Ukimimina maji juu ya kostiki, mchanganyiko huchemka ghafla ukakurukia usoni. Mama akiiweka kostiki ndani, huiweka juu ya kabati, na watoto hufukuzwa jikoni.

Kumbe ni kitu kilekile! Mama anayeijua kama kiungo cha kutengenezea sabuni anaiogopa. Mkamuaji anayeletewa ndani ya jerikani, imeshaitwa sabuni, anaitia mkono hadi kiwiko.

Na hila yake ni hii. Kostiki ikikugusa, aghalabu haikuchomi papo hapo kama kaa la moto. Mkono unateleza. Unasikia ulaini, ule ulaini wa povu, nawe unajiambia, naam, hii ni sabuni kweli. Unateleza kwa nini? Unateleza kwa sababu kostiki imeyapata mafuta ya ngozi yako nayo inayafanya kile inachoyafanya mafuta ndani ya ndoo ya chama cha akina mama. Inayageuza sabuni. Sabuni unayoisikia kwenye vidole imetengenezwa kwa mafuta yako wewe. Maumivu huja baadaye, na yakifika, ngozi ya juu imekwisha kulainika na dawa iko ndani ikiendelea na safari. Asidi nyingi huchoma nyama ikakauka juu kama gamba, na lile gamba lenyewe huizuia kidogo. Kostiki haitengenezi gamba. Huyeyusha, ikapita, ikayeyusha tena.

Kwenye mkono wa baba ilifanya hivyo kidogo kidogo, asubuhi na jioni, hata alama alizopewa na Mungu zikafutika. Kwenye jicho haingoji miaka.

Kulikuwa na kijana pale shambani, tulimwita Kaka ingawa hakuwa ndugu yetu. Siku moja alifungua jerikani iliyokuwa imeachwa juani. Dawa yenye klorini ikipata joto huvimbisha chombo chake, na kifuniko kikilegezwa haraka, kinachotoka hakimiminiki, kinaruka. Kilimruka jicho la kushoto. Akapiga ukelele, watu wakaja mbio, na msimamizi, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, akasema apakwe maziwa. Maziwa yalikuwa tele, tangi zima. Wakamlaza chini, wakammiminia maziwa kikombe baada ya kikombe, wakamfunga kitambaa safi, wakaanza kutafuta gari. Na bomba la maji, wasikilizaji, lilikuwa hatua sita kutoka pale alipolazwa. Jicho lile lilifunga ukungu mweupe, na halikufunguka tena.

Ndiyo sababu nitasema jambo hili polepole, na kama una kalamu, andika. Dawa ya kusafishia ikikuingia jichoni au ikikumwagikia mwilini, kinachotakiwa ni maji. Maji safi, mengi, yanayotiririka, na yaanze saa hiyohiyo, kabla ya kutafuta gari, kabla ya kumpigia simu mwenye shamba. Jicho lifunguliwe kwa vidole, kope ya juu na ya chini, maji yapite, dakika 20 kwa uchache. Ikiwa ni kostiki, endelea hata zaidi ya hapo, na ukiweza endelea ndani ya gari. Nguo zilizolowa zivuliwe, gambuti zivuliwe, maana dawa hujikusanya ndani ya kiatu ikala mguu huku wewe unaosha uso. Ikiwa ni ya unga, ipanguse kwanza ikiwa kavu, halafu maji. Usitafute siki wala ndimu ukisema unaipoza kostiki kwa kitu kichachu. Zikikutana hutoa joto, na utaunguza palipokwisha kuungua. Mafuta, dawa ya meno, unga wa ngano, maziwa, vyote hivyo viache jikoni. Halafu nenda hospitali, na uichukue ile jerikani au ukate lebo yake uende nayo, kwa sababu swali la kwanza la daktari litakuwa: ni dawa gani? Na jibu la "ni sabuni" halimsaidii.

Nimetaja jerikani mbili. Je, zikikutana?

Zinakutana, wasikilizaji. Zinakutana kwa sababu mkamuaji amechoka, kwa sababu bakuli la kuchanganyia ni moja, kwa sababu mtu mgeni ameambiwa "tia sabuni ya pili" naye akaitia kabla ya ile ya kwanza kuondoka. Klorini ikikutana na asidi huachia gesi, rangi yake kijani iliyoingiwa na manjano, harufu yake ni ya jiki iliyokasirika. Ni gesi ileile ambayo Wajerumani waliifungulia kwenye mitaro ya vita kule Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi ikatoka dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inakaa kwenye mashimo ya kupitishia maji. Katika vyumba vingi vya kukamulia mkamuaji husimama ndani ya shimo ili viwele viwe usawa wa mikono yake. Fikiria mwenyewe ni nani inayemfikia kwanza.

Anayeivuta hukohoa, macho hububujika, kifua hubana. Toka nje, uende mahali palipoinuka, upande unakotokea upepo. Na usirudi kuokoa ndoo. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtu anaweza kupata nafuu, akanywa chai, akaenda kulala, na usiku mapafu yakaanza kujaa maji. Aliyevuta gesi hiyo apelekwe hospitali akaangaliwe, hata kama anakuambia amepona.

Wafugaji wa kuku mnasema haya ni ya wenye ng'ombe. Subirini. Banda la kuku likikaa na takataka zenye unyevu hujaa amonia, ile inayokukaba roho unapofungua mlango asubuhi. Sasa kuna mtu anasema, banda linanuka, ngoja nimwage jiki. Klorini na amonia zikishikana hutoa gesi nyingine, nayo huchoma koo na mapafu. Takataka ziondolewe kwanza, banda lioshwe kwa maji na sabuni, sabuni ya kweli safari hii, lipate hewa, ndipo dawa ya kuua vijidudu ije mwisho. Kadhalika wale mnaofukiza banda kwa kumwaga formalini juu ya pamanganeti: mchanganyiko ule huchemka wenyewe bila moto, mvuke unapanda kwa sekunde chache, na aliyeegemea ndoo hana muda wa kugeuka. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka hiyo kemikali ya formalini katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Na nani hutumwa kuifanya kazi hiyo? Kijana wa kibarua, kitambaa cha kanga kimefungwa puani. Kitambaa huzuia vumbi. Mvuke hupita kana kwamba mlango uko wazi.

Nami nisiwaonee wenye mashamba makubwa peke yao. Mfugaji mdogo wa ng'ombe wawili anayekamua kwa mikono, ndoo akaiosha kwa maji moto na sabuni ya kipande, hana jerikani hizi. Lakini maziwa yake yanakwenda kwenye kipoza maziwa cha chama cha ushirika, na kile kipoza kinasafishwa kwa dawa zilezile. Kuna wakati kijana huambiwa aingie ndani ya tangi kabisa, asugue kwa brashi. Yuko ndani ya chuma, mlango wake ni tundu la juu, na anachosugulia kinatoa mvuke. Mimi nasema waziwazi: hiyo kazi isifanywe hivyo. Brashi iwe na mpini mrefu, mtu abaki nje.

Halafu kuna chupa. Nimeogopa kulifikia jambo hili, lakini tulifikie. Jerikani ya lita 20 ni nzito, na ni ya tajiri. Mkamuaji anapunguza kidogo kwenye chupa ya soda, nusu lita hivi, apeleke nyumbani kwenye laini akatolee madoa sufuriani au azibulie mfereji. Haibi sana, wengine huomba wakapewa. Lakini pale dawa inapohama kutoka jerikani kwenda kwenye chupa ya soda, imepoteza jina lake la mwisho. Ilikuwa na lebo, hata kama ni ya Kiingereza. Sasa ina picha ya soda. Imewekwa chini ya kitanda, au kando ya mtungi wa maji, na mtoto ametoka kucheza ana kiu.

Sitaeleza zaidi. Nitasema la kufanya. Usimtapishe. Ile dawa imeunguza koo ikishuka. Ukimtapisha itaunguza tena ikipanda. Usimshindilie maziwa wala mafuta. Mpanguse mdomo, umwoshe uso kwa maji, mkimbize hospitali pamoja na ile chupa. Na akitoka hospitali akiwa mzima, usiache kumrudisha kliniki, kwa sababu kovu la koo hujikunja kwa wiki na miezi, njia ya chakula ikawa nyembamba, na mtoto aliyekuwa akila ugali akaanza kushindwa hata na uji.

Vilevile zile jerikani tupu. Huuzwa sokoni, zikasafishwa kwa kutikiswa mara mbili, zikageuka za maji ya kunywa. Jerikani iliyobeba dawa hizi itobolewe chini kwa msumari wa moto, isipate kumshawishi mtu.

Sasa mwenye shamba ananisikiliza, najua, na amekwisha kukunja uso. Anasema: mimi niliwanunulia miwani na glavu, hawavai. Ni kweli! Nimeiona mimi mwenyewe ile miwani, imetundikwa msumarini, imejaa utando wa buibui. Lakini hebu ivae wewe, bwana mkubwa, saa kumi alfajiri kule Kitale, baridi nje, mvuke wa maji ya moto ndani. Kwa dakika moja imejaa ukungu, huoni kiwele wala ndoo. Glavu ulizoleta ni fupi, maji yanaingilia kwenye kifundo, na dawa ikishaingia ndani ya glavu inakaa humo ikipika mkono. Glavu ya mpira inayofika kiwikoni ni rahisi kuliko gunia moja la chakula cha ng'ombe wa maziwa. Na kilicho bora kuliko glavu ni mtu asimimine kabisa. Kuna pampu ndogo ya mkono inayofungwa mdomoni mwa jerikani, ukiibonya inatoa kipimo chake, hakuna kuinama, hakuna kuinua lita 20 juu ya bakuli la maji ya moto. Jerikani ziwekwe chini kuliko kifua. Ya asidi iwe ukuta huu, ya klorini ukuta ule. Bomba la maji liwe karibu, na kila mtu ajue ndilo la macho. Hayo yote hayahitaji mhandisi.

Na sheria inasemaje? Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri amlinde mfanyakazi, ampe maelezo na mafunzo na vifaa vya kujikinga. Mwaka huohuo ilitungwa ile ya mafao ya majeraha kazini, wengi mnaijua kwa jina la WIBA. Hiyo inasema mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Ajali ikitokea, mfanyakazi amjulishe mwajiri, na mwajiri amjulishe mkurugenzi wa usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Ikiwa ni kifo, ndani ya saa 24. Gharama za matibabu zinazostahili ni za mwajiri. Aliyepoteza uwezo wote wa kufanya kazi maisha hupimiwa kwa mapato ya miezi 96. Aliyepoteza sehemu, hupimiwa sehemu yake. Desemba 2019 Mahakama ya Upeo iliiunga mkono sheria hiyo, kwa hiyo madai huanzia kwa mkurugenzi, si kwa kukimbilia mahakamani. Jirani zetu wa Tanzania wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia, mfanyakazi hakatwi senti.

Sheria nzuri. Lakini rudi kwa Kaka. Aliumia asubuhi, jioni aliambiwa apumzike, mwezi uliofuata akapewa kazi ya kufyeka ua. Hakuna fomu iliyojazwa. Na hiyo WIBA inasema haki yako hupotea ikiwa hukumwarifu mwajiri kuhusu ajali ndani ya miezi 12. Msimamizi alijua, alikuwepo, lakini neno la mdomo lina faida gani pale msimamizi anapohama na shamba linapouzwa? Andika. Hata kwenye karatasi ya daftari ya mtoto: tarehe, saa, dawa gani, nani aliona. Mpe mwajiri nakala, nyingine ibaki kwako. Na nikiulizwa ni watu wangapi wanaoumizwa na dawa hizi kwenye mashamba yetu, nitajibu hivi: ukienda kutafuta daftari, hutamkuta Kaka, wala hutavikuta vidole vya baba.

Kuna alama ya kimataifa ambayo ningependa kila mkamuaji aijue, na kwa kuwa redio haina picha, nitakuchorea kwa maneno. Ni mraba uliosimama kwa pembe yake, kama kishada. Kingo zake ni nyekundu, ndani mweupe. Ndani yake mna vichupa viwili vimeinama vikimwaga matone. Tone moja linaangukia kipande cha chuma, na chuma kinalika. Jingine linaangukia mkono wa mtu, na mkono unalika. Leo usiku au kesho alfajiri ukiingia kazini, izungushe ile jerikani unayoiita sabuni, uitafute hiyo picha. Ukiikuta, umekwisha kuujua ukweli wake, hata kama Kiingereza kilichoandikwa chini hukijui. Usipoikuta na lebo yenyewe imebanduka, mwulize aliyekuuzia, na usiifungue kabla hajakujibu.

Namalizia kule Trans Nzoia. Baada ya jicho la Kaka, hakuna ofisa aliyekuja. Aliyefanya jambo ni mkamuaji mmoja mzee, Mbukusu, mwenye maneno machache, ambaye sisi watoto tulimwogopa. Alichukua rangi iliyobaki kwenye ukarabati wa malango, akaipaka jerikani ya kostiki na klorini nyekundu, ya asidi akaipaka nyeupe, akaziweka kila moja kwenye ukuta wake. Halafu akazipa majina. Nyekundu akaiita Mkwe. Nyeupe akaiita Mama Mkwe.

Wanaojua mila zetu wamekwisha kucheka. Kwa wazee wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali sahani moja, hata mkono hawapeani. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja huingia kichakani. Huhitaji kumweleza mtu wa kule maana ya hilo. Tangu siku hiyo ikawa kijana akiajiriwa, kabla hajaonyeshwa ng'ombe, yule mzee humpeleka kwenye kile chumba, akamsimamisha katikati.

"Huyu ni nani?"

"Mkwe."

"Na huyu?"

"Mama Mkwe."

"Wakikutana humu ndani, nani anatoka?"

Na kijana hakupewa gambuti mpaka ajibu sawasawa: "Mimi."